Nafundisha ubunifu wa magemu chuoni Moshi kwa maboksi na maharage. Tujadili

Kete_Sitini (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa chuo hapa Moshi. Huu ni mwaka wa nne nafundisha somo la ubunifu wa magemu kwa wanafunzi wa kompyuta mwaka wa pili. Nimeamua kuandika kwa kirefu kwa sababu kila nikikutana na walimu wenzangu wa Arusha naulizwa swali lile lile: unafundishaje hicho kitu wakati kompyuta ni chache na umeme wenyewe ndio huu?

Wiki sita za kwanza hatugusi kompyuta.

Sikuanza hivyo. Mwaka wa kwanza nilifundisha kwa projekta. Nilieleza mfumo wa Hunicke, LeBlanc na Zubek wa mwaka 2004, ule unaotenganisha kanuni za mchezo, mwenendo unaozaliwa watu wakianza kucheza, na hisia anazobaki nazo mchezaji. Wanafunzi wakaandika, wakakariri, mtihani wakafaulu. Halafu zikaja kazi zao za mwisho. Kundi moja lilitengeneza gari linalokimbia barabara ya kwenda Himo. Gari linang'aa, taa zinawaka, mlima unaonekana kwa mbali. Nikashika kitufe cha kwenda mbele. Gari likaenda. Nikaendelea kukishika. Likaendelea kwenda. Nikawauliza, "Mchezaji anaamua nini hapa?" Wote wanne wakanyamaza. Tafsiri ya neno "mwenendo" walikuwa wanaijua kwa kichwa, ila gemu lao halikuwa na mwenendo wowote. Ile picha nilikaa nayo likizo nzima, maana aliyewafundisha ni mimi.

Muhula uliofuata nikashuka soko la Mbuyuni, nikapata maboksi matupu. Nikaongeza manila, maka peni, wembe, rula, kilo mbili za maharage ya rangi mbili, na mfuko wa vizibo vya soda. Maabara ikawa imekamilika.

Siku ya kwanza wanacheza drafti. Hakuna wa kufundishwa, wote wamekulia vijiweni. Wakishacheza mara mbili nawaambia wapange kete upya, ila safari hii kula si lazima. Anayetaka kula ale, asiyetaka apite. Ni sheria moja tu nimegusa. Baada ya dakika kumi darasa limepoa. Kila mtu amejifungia upande wake, kete zinatazamana, hakuna anayesogea. Ndipo mtu anagundua mwenyewe kwamba ule mtego tunaoupenda wote, wa kutoa kete moja ili mpinzani avutwe halafu umle mbili au tatu kwa mpigo, unasimama juu ya sheria ya kulazimishwa kula. Ukiiondoa, mtego hauna nguvu, na bila mtego hakuna utamu. Hapo ndipo naandika ubaoni kanuni, mwenendo, hisia. Sihitaji tena kueleza maana yake, wameshaiona mezani.

Wiki ya pili ni bao. Tunaanza na bao la kujifunza: mashimo 32, kete 64, kila shimo mbili, twende. Kisha tunapanda bao la Kiswahili, ambalo kila mchezaji anaanza na kete 10 tu ubaoni, sita kwenye nyumba (lile shimo kuu) na mbili mbili kwenye mashimo mawili ya jirani, na nyingine 22 anabaki nazo mkononi akinamua, yaani akiziingiza ubaoni, moja moja. Swali la siku nzima ni moja: kwa nini wazee walizizuia zile 22? Sitoi jibu. Mwaka jana kijana mmoja kutoka Pangani alisimama akasema kwamba ukigawa kila kitu mwanzoni, mwenye kichwa cha hesabu anauona mchezo mzima mapema, ila ukizuia, kila zamu unakuwa na kitu kipya cha kuamua na ubao unakua ukiuangalia. Nina vitabu vya kigeni kuhusu fani hii, na sijaona mahali jambo hilo limesemwa vizuri zaidi.

Nyingine nazipitia haraka. Wiki ya tatu tunachambua ule mchezo wa nyoka wa simu za Nokia. Ulitoka na Nokia 6110 mwaka 1997, na vijana wangu wengi waliukuta kwenye simu za wazazi wao. Uzuri wake wote umekaa kwenye jambo moja: unachokula ndicho kinachokurefusha, na urefu wako ndio unaokuua. Zawadi na hatari ni kitu kimoja.

Kuanzia wiki ya nne kila kundi linatengeneza lake. Boksi, wembe, maharage. Nitaendelea hapo chini, kwanza nipate mawazo yenu.

Fundi_Sakina

Mkuu nimesoma yote, hongera. Ila nina shaka moja. Hawa ni wanafunzi wa kompyuta. Wiki sita za maboksi, wataandika programu lini? Mwajiri hataki kuona maharage.

Kete_Sitini

Fundi, swali zuri, na ndilo wakuu wangu wa idara waliniuliza kwanza.

Fikiria hivi. Kundi limeandika programu wiki tatu. Wanajaribu, gemu halina ladha. Unadhani watalifuta? Hawafuti. Wameshalipenda, wamekesha nalo, watalipaka rangi na kuliwekea muziki. Ila boksi alilolikata jioni kwa wembe mtu analitupa asubuhi bila kinyongo. Mwanafunzi wangu anatupa mifano mitano au sita kabla ya kugusa kompyuta, na kila anachokitupa kimemfundisha kitu.

Wiki ya saba tunahamia Godot, programu ya kutengenezea magemu. Nimeichagua kwa sababu ni ya bure kabisa, msimbo wake uko wazi tangu mwaka 2014, haihitaji kusakinishwa, na inaenea kwenye flashi. Naipitisha darasa zima kwa flashi mbili, hakuna anayemaliza bando. Programu nyingine kubwa za aina hiyo zinataka gigabaiti za kutosha na kompyuta yenye nguvu, na wengi wao hawana. Mpaka hapo kila kundi linajua linachojenga, kwa hiyo wiki nane zilizobaki zinatosha.

Mama_wa_Njiro

Mwalimu, shikamoo, au marahaba kama mimi ndiye mkubwa. Mimi ni mzazi. Mwanangu yuko chuo hapa Arusha, juzi kaniambia anataka kusomea magemu. Mtaani kwetu gemu maana yake ni zile mashine za kutumbukiza mia mbili na vijana kushinda kwenye kubeti. Naogopa. Naomba unieleze kama mama, hiki ni kitu gani?

Kete_Sitini

Marahaba mama, na shikamoo pia. Hofu yako ina msingi, na somo lenyewe linaigusa.

Wiki ya tano kila kundi linapewa dadu mbili. Wanarusha mara mia na kuandika kila jumla. Kwa hesabu, dadu mbili zinaweza kuangukia kwa namna 36. Saba inapatikana kwa namna sita, mbili kwa namna moja tu, na kumi na mbili vivyo hivyo. Karatasi zikibandikwa ukutani kila moja ina kilima katikati. Vijana wanaona kwa macho yao kwamba "bahati" ina umbo, na kwamba mwenye mashine analijua umbo hilo kuliko anayetumbukiza hela.

Kisha nawauliza: kwenye ile mashine ya dukani mchezaji anaamua nini? Anaamua kutumbukiza tena au kuondoka, basi. Kwenye bao anaamua kila zamu, na akishindwa anajua amekosea wapi. Mama, kijana aliyekaa mwaka mzima akijenga michezo ya namna ya pili anaiangalia ile mashine kwa jicho tofauti. Siwezi kukuahidi kwamba hatabeti kamwe. Nakwambia anachojifunza ni hesabu, uandishi, kuchora, kuprogramu, na kumsikiliza mtu anayetumia kazi yake. Hicho cha mwisho ndicho kigumu kuliko vyote, na ndicho nilichotaka kukieleza sasa.

Mama_wa_Njiro

Nimekuelewa mwalimu. Nitakaa naye. Endelea.

Kete_Sitini

Sasa sehemu niliyokuwa naisubiri.

Kila kundi lazima lipeleke mfano wake kwa watu wasiowajua, nje ya chuo. Wanaomba ruhusa, wanawanunulia soda, wanaweka ubao mezani na karatasi ya maelezo. Baada ya hapo marufuku kusema. Mchezaji akikosea, kimya. Akiuliza, unamjibu "cheza unavyoelewa" na unaandika swali lake kwenye daftari. Ukifungua mdomo kumwelekeza, jaribio limeharibika, kwa sababu gemu likishatoka mikononi mwako hutakuwepo kwenye kila sebule kulieleza.

Mwaka juzi kundi moja lilitengeneza mchezo wa mfongo. Kwa wageni: mfongo ni mfereji wa asili wa Wachagga, unatoa maji kwenye mito ya mlimani na kuyashusha mpaka kwenye vihamba, yaani mashamba ya migomba ya nyumbani, na watu wanamwagilia kwa zamu. Wazo lilitoka kwa binti wa Uru ambaye babu yake alikuwa akishughulika na zamu hizo.

Mchezo ulikuwa hivi. Wachezaji wanne, vihamba vinne kwenye mstari kutoka juu hadi chini. Kila raundi maharage 12 yanaingia mfongoni, hayo ndiyo maji. Wa juu anachukua anayotaka, yanayobaki yanashuka kwa wa pili, hivyo hivyo mpaka chini. Kila kihamba kinahitaji matatu ili migomba isikauke, na ya ziada yanakuwa mavuno. Kwa karatasi unaona haki kabisa: 12 kugawanya kwa wanne ni matatu matatu.

Wakaupeleka kijiwe kimoja karibu na stendi. Mimi nilisimama pembeni. Michezo mitano, mara zote tano alishinda wa juu. Kufika mchezo wa tatu aliyekaa chini alikuwa ametoa simu anaperuzi. Akiambiwa zamu yake ananyanyua macho, anaona hakuna maharage, anarudi kwenye simu. Wanafunzi walikuwa wanajikunja kwa uchungu. Mmoja aliuma kifuniko cha kalamu mpaka kikapasuka, lakini hakuna aliyesema.

Wiki iliyofuata wakarudi wameongeza sheria tisa. Kadi za mvua, kadi za ng'ombe, kadi ya bwana shamba, ushuru, nini na nini. Raundi moja ikawa inachukua dakika kumi na tano, na wa juu bado anashinda. Hili naliona kila mwaka: gemu likiumwa, mwanafunzi anakimbilia kuongeza dawa.

Siku hiyo alikuwepo mzee mmoja, amecheza akiwa wa tatu, ameshindwa. Akasukuma zile kadi kando, akasema (naandika nikikumbuka, si neno kwa neno): "Mmekosea jambo. Kwetu wa juu hakuwa na amani kiasi hiki. Mfongo ukibomoka, peke yake hawezi kuuziba."

Binti wa Uru akaandika. Nikamwona ameacha kuandika, anaangalia ubao. Usiku ule wakafuta zote tisa na kuweka moja: kila raundi rusha dadu, ikija moja au mbili mfongo umebomoka kwenye banio, pale unapochotea maji mtoni, maji hayaji kwa yeyote mpaka majembe matatu yatolewe, na kila mchezaji ana jembe moja tu.

Sasa angalieni kilichotokea. Wa chini, ambaye alikuwa hapati tone, hapotezi kitu akikataa kutoa jembe. Wa juu ndiye anakauka. Jumamosi wakarudi kijiweni. Raundi ya pili dadu ikaja moja. Kimya. Wa juu akaweka jembe lake, akaangalia wenzake. Hakuna aliyeweka. Yule kijana wa chini, wa simu, akasema, "Mimi jembe langu linalala leo." Kelele zikaanza hapo. Niachie matatu. Hapana, manne, na ya raundi iliyopita. Kesho utaniruka tena wewe. Watu wawili walikuwa wamesimama, mmoja ameegemea meza kwa mikono yote miwili. Sheria ya kujadiliana haikuandikwa popote, ilizaliwa yenyewe. Kundi likaacha wembe na maka peni mezani, likabaki linatazama.

Nimefundisha miaka kadhaa sasa. Sijui namna ya kumpa mtu ile Jumamosi kwa projekta.

Mwl_UsaRiver

Mwalimu mwenzangu, nimeguswa. Lakini mimi nina wanafunzi 180 kwenye ukumbi mmoja. Makundi ya watu wanne ni makundi 45. Nitasimama pembeni ya kijiwe kipi? Na alama unatoaje?

Kete_Sitini

Mwalimu, pole na idadi hiyo. Sijawahi kuwa na darasa kubwa hivyo, kwa hiyo pokea hili kama la kujaribu. Ndani ya ukumbi makundi yabadilishane: nusu ya kila kundi inabaki na ubao wake, nusu inahama kwenda kucheza la jirani, baada ya dakika 20 mnapiga kengele. Hapo huhitaji kuwepo kila meza. Ya nje waende wenyewe na warudi na daftari.

Alama nyingi naziweka kwenye daftari la majaribio, si kwenye gemu. Kwetu mazoezi ni 40 na mtihani 60, na katika zile 40 daftari linabeba 25. Naangalia mambo matatu: mchezaji alifanya nini (si alisema nini), mlibadilisha nini kwa sababu hiyo, na jaribio lililofuata lilionyesha nini. Mwanafunzi akiniandikia "mchezaji alifurahi sana" namrudishia. Alifanya nini? Alicheka? Alivuta kiti karibu? Aliomba kurudia? Andika hicho. Kundi lenye gemu baya na daftari la kweli linafaulu kwangu. Anayepika daftari anajulikana haraka, wachezaji wake wote wana akili sana na hawakosei.

Binti_Mlimani

Wakuu, mimi ndiye yule wa mfongo. Mwalimu hakujua kama nipo humu.

Naongeza mambo ambayo hayakuonekana kwa aliyesimama pembeni. Siku ya kwanza pale stendi nilitaka kulia. Nilimwona yule kaka anachukua maharage yote 12 na nikawa namlaumu moyoni, kwamba ana roho mbaya, anauharibu mchezo wetu. Usiku nikasoma daftari langu nikaona sheria zetu zilimruhusu, tena zilimshauri. Yeye alicheza vizuri. Tuliojenga vibaya ni sisi.

La pili, tulipohamisha kwenye Godot tuliweka wapinzani wa kompyuta. Ilituchukua wiki tatu, na ilikuwa inafanya kazi bila hitilafu. Tukamrudia yule mzee na laptopu. Akacheza raundi nne, akauliza, "Hawa hawasemi?" Tukaelewa. Kompyuta inakupa jembe au inakunyima, ila haikusihi wala haikukumbushi ulichomfanyia jana. Tukatoa wapinzani wote. Toleo la mwisho ni watu wanne na simu moja katikati ya meza. Simu inahesabu maji na kurusha dadu, maneno ni ya kwenu. Programu ikawa ndogo kuliko tuliyoanza nayo.

Fundi, kuhusu ajira: sasa hivi nafanya kazi ya kutengeneza mifumo, si magemu. Bado naenda na karatasi niliyochora skrini kwa kalamu, namwekea mteja mbele na kunyamaza.

Fundi_Sakina

Dada asante sana, umenijibu kuliko nilivyouliza. Mwalimu, nakubali. Sasa tupeni sheria za huo mfongo kamili, wikiendi niucheze na watoto. Mshindi ni nani?

Kete_Sitini

Binti, nimefurahi kukuona humu, hukuniambia hilo la kutaka kulia.

Fundi, raundi nane. Kila kihamba kinaanza na migomba mitatu. Raundi usiyopata maharage matatu, mgomba mmoja unakauka. Zaidi ya matatu unaweka pembeni kama mavuno. Mwisho hesabu mavuno, jumlisha mbili kwa kila mgomba uliosimama. Aliyebaki bila mgomba hata mmoja hahesabiwi, ila jembe lake anabaki nalo mpaka mwisho. Hilo la jembe msilisahau.

Fundi_Sakina

Mrejesho wakuu. Tumecheza jana usiku, umeme ulikuwa umekatika, taa ya simu katikati. Mimi, mke wangu na watoto wawili. Wa mwisho ana miaka tisa, tukamweka chini kabisa. Raundi ya tano migomba yake yote imekauka, tukadhani ataenda kulala. Raundi ya sita mfongo ukabomoka. Mimi nilikuwa nimeweka jembe, dada yake kaweka, mama yake kakataa kwa sababu nilimruka mara mbili. Likabaki la huyu mdogo. Akalishika mkononi, akasema hataki maji, hana migomba ya kumwagilia. Anataka mgomba mmoja wa dada yake uhamie kwake.

Mwalimu, sheria inasemaje hapo? Maana mpaka saa nne walikuwa hawajalala, wanabishana.

Binti_Mlimani

Haikuandikwa popote, sisi hatukuwahi kuiona hiyo. Mliamuaje?

Fundi_Sakina

Dada yake alitoa. Ila alidai jembe la mdogo wake kwa raundi zote zilizobaki.